Mfupa Usiokuwapo: Hoja Dhidi ya Tiba ya Mazoea kwa Mbwa Anayekohoa

Katika nyanda za juu zinazolimwa chai za kaunti za Kericho na Bomet, na hasa katika vijiji vinavyouzunguka mji mdogo wa Chepseon, ulio kando ya barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Kericho, umejengeka msimamo kuhusu mbwa anayekohoa ambao hushikiliwa hata na watu walio makini sana katika mambo mengine ya mifugo. Msimamo huo una nguzo mbili. Ya kwanza hudai kwamba mbwa akikohoa huku amenyoosha shingo na kutoa povu, amekwamwa na mfupa, na dawa yake ni mkono wa mwenye mbwa kuingizwa kinywani. Ya pili hudai kwamba mfupa usipoonekana, basi ni baridi ya ukungu tu, na dawa yake ni sindano ya kutoka duka la agroveti au kijiko cha dawa ya kikohozi iliyobaki baada ya mtoto kupona. Hoja ya makala haya ni kwamba nguzo zote mbili ni mbovu: ya pili humpotezea mwenye mbwa fedha na kumchelewesha, na ya kwanza inaweza kumuua yeye mwenyewe.

Ni haki kukiri kwamba dhana ya mfupa haikuzuka hewani. Mbwa mwenye uvimbe wa koromeo na wa mrija wa hewa, yaani njia ya pumzi iendayo mapafuni, husimama na kutanua miguu ya mbele, hunyoosha shingo, hutoa sauti kavu inayofanana na mlio wa bata bukini, kisha humalizia kwa kujikamua kana kwamba anatapika, na kinachotoka ni ute mweupe kidogo. Anayemtazama kwa mara ya kwanza hawezi kulaumiwa akidhani kuna kitu kinachotaka kutoka, zaidi sana ikiwa jana yake kulichinjwa mbuzi. Lakini dhana hiyo haistahimili maswali mawili mepesi. Kitu kilichoziba mrija wa hewa hakingoji siku nne, kwa kuwa mbwa hukosa pumzi papo hapo na ufizi wake hugeuka rangi kuwa kama samawati. Mfupa uliokwama kwenye umio, yaani njia ya chakula, nao hujitambulisha kwa namna yake: dalili huanza ghafla mbwa akiwa anakula au muda mfupi baadaye, mate humtiririka, humeza mara kwa mara bila kuwa na kitu kinywani, na chakula kigumu hurudi nje muda si mrefu baada ya kuliwa. Mbwa aliyekohoa tangu Jumatatu na ambaye Alhamisi bado anafuta sufuria ya ugali hana mfupa popote kooni, na hakuna haja ya kuutafuta.

Utafutaji huo ndio wenye hatari kubwa, na hapa jambo linatoka kwenye afya ya mbwa na kuingia kwenye uhai wa binadamu. Kichaa cha mbwa, ugonjwa wa virusi vinavyoshambulia ubongo na ambao dalili zake zikishaanza karibu hakuna anayepona, hauji siku zote kwa sura ya mbwa mkali anayekimbia akiuma kila kilicho mbele yake. Una sura nyingine ya upole, ambayo waganga wa mifugo huiita kichaa cha kupooza: taya la chini hulegea, mbwa hushindwa kumeza, mate humjaa kinywani, mlio wake hubadilika ukawa wa kukwaruza, na hujikamua kama anayesumbuliwa na kitu kooni. Vitabu vya tiba ya mifugo vimeonya kwa miaka mingi kwamba mbwa wa namna hii hudhaniwa kuwa na mfupa, na kwamba mwenye mbwa, mwenye huruma kuliko wote katika boma, ndiye anayeingiza mkono uliojaa mikwaruzo ya kuchuma majani chai au ya kukata kuni ndani ya kinywa kilichojaa virusi. Si lazima aumwe. Mate yakigusa jeraha bichi, inatosha. Na kwa kuwa mtu huweza kukaa wiki kadhaa, mara nyingi miezi miwili au mitatu, kabla ya dalili kujitokeza, familia haikumbuki tena siku ile ya mfupa.

Ukubwa wa tatizo hili nchini Kenya haujafichwa. Mkakati wa taifa wa kutokomeza kichaa cha mbwa kwa binadamu, uliozinduliwa mwaka 2014 kwa lengo la kufikia mwaka 2030, ulikadiria kwamba Wakenya wapatao 2,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huo, ambao kwa sehemu kubwa kabisa hutoka kwa mbwa. Mkakati huo unategemea kuwachanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote kila mwaka. Palipo na mbwa wasiochanjwa, basi, kanuni ya kwanza kuhusu mbwa anayejikamua ni fupi: mkono usiingie kinywani. Aliyekwisha kuuingiza na sasa ana shaka anapaswa kuosha mkono kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku iyo hiyo kuomba chanjo. Kusubiri kuona kama mbwa atapona ni kucheza kamari.

Nguzo ya pili, ile ya baridi, ina mvuto wa aina nyingine, kwa sababu ukungu wa Kericho si wa kubuni. Eneo hili liko takriban mita 2,000 na zaidi juu ya usawa wa bahari, mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na usiku wa Julai katika kibanda cha mabanzi kilichoezekwa kipande cha bati si raha kwa kiumbe yeyote. Hata hivyo, baridi peke yake haizai kikohozi. Inachofanya ni kuwasukuma mbwa wakae pamoja mahali pakavu, mara nyingi jikoni kando ya mafiga, ambako moshi wa kuni huichubua ngozi laini ya ndani ya mrija wa hewa. Ngozi hiyo imefunikwa na vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, viitwavyo silia, ambavyo kazi yake ni kuusukuma ute wenye vumbi na vijidudu uende juu, utoke. Vinyweleo hivyo vikidhoofishwa na moshi na unyevu, vijidudu hupata pa kushika. Anayesema baridi amelitaja pazia na kuacha kilicho nyuma yake.

Kilicho nyuma yake, mara nyingi, ni ugonjwa wa kuambukiza ambao waganga wa mifugo huuita kikohozi cha mabandani, kwa kuwa ulijulikana kwanza katika mabanda ambamo mbwa wengi hufugwa pamoja. Si ugonjwa wa kijidudu kimoja. Virusi kadhaa, vikiwamo vya parainfluenza na vya adeno aina ya pili, hushirikiana na bakteria aitwaye Bordetella bronchiseptica, ambaye hujishikiza kwenye silia na kuzizuia zisitikisike. Mbwa aliyeambukizwa huanza kukohoa baada ya siku chache, akiwa bado anakula na kucheza, na kwa kawaida hupona mwenyewe katika wiki moja hadi tatu. Maneno haya ya mwisho ndiyo yanayoipa tiba ya mazoea sifa isiyostahili: mbwa aliyedungwa sindano siku ya sita akapona siku ya kumi huhesabiwa kuwa ushahidi wa sindano, ilhali angepona siku iyo hiyo bila kudungwa.

Kosa la kukipa kikohozi sababu moja lina ukoo mrefu, na halikuanzia kwa wakulima. Mwaka 1905 Mfaransa Henri Carré alionyesha kwamba distempa, ugonjwa mbaya zaidi wa mbwa unaoanza kwa kikohozi na makamasi, husababishwa na kitu kidogo kiasi cha kupenya katika chujio linalozuia bakteria, yaani kirusi. Miaka michache baadaye wataalamu wa Marekani na Uskoti walimkuta Bordetella kwenye njia za hewa za mbwa wagonjwa, wakatangaza kwamba yeye ndiye chanzo cha distempa, na ubishi ukaendelea hadi miaka ya 1920, Patrick Laidlaw na G. W. Dunkin walipothibitisha nchini Uingereza kwamba Carré alikuwa sahihi. Kwa muda wote huo magonjwa mawili tofauti yalichanganywa kwa sababu yote mawili yana kikohozi. Ikiwa wenye maabara walipotea hivyo kwa miaka mingi, muuza duka wa Chepseon anayetaja ugonjwa bila kumwona mbwa, kwa maelezo ya mtoto aliyetumwa na noti mkononi, hawezi kuchukuliwa kuwa na jicho kali kuliko lao.

Anachouza muuza duka huyo, mara nyingi, ni oksitetrasaiklini ya ng'ombe au mchanganyiko wa penisilini na streptomaisini. Dawa hizi huua bakteria, haziui virusi, na Bordetella mwenyewe kwa kawaida hatii penisilini. Mwongozo wa kimataifa wa matumizi ya dawa za bakteria kwa magonjwa ya hewa ya mbwa na paka, uliotolewa mwaka 2017, unashauri mbwa mwenye kikohozi chepesi, asiye na homa na anayekula vizuri, asipewe dawa hizo katika siku kumi za kwanza. Na inapobidi, chaguo lake la kwanza ni doksisaiklini ya kumeza, kwa kipimo cha uzito wa mbwa. Mfugaji wa Kericho anajua vyema kwamba maziwa ya ng'ombe aliyedungwa hayapelekwi kwenye kituo hadi siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite. Anajua, kwa hiyo, kwamba dawa hiyo si maji. Ajabu ni kwamba uangalifu huo humwishia anapovuka kutoka zizini hadi kwenye kibanda cha mbwa.

Dawa za binadamu ni mbaya zaidi. Ibuprofeni hutoboa vidonda tumboni mwa mbwa na kuharibu figo zake. Parasetamoli ikizidi kipimo, ambacho kwa mbwa mdogo ni rahisi mno kuzidi, huharibu ini na kuifanya damu ishindwe kubeba hewa. Na baadhi ya dawa za maji za kikohozi na mafua zina viungo vinavyoupeleka mbio moyo wa mbwa, au sukari ya zailitoli, ambayo haimdhuru mtoto lakini huishusha ghafla sukari ya damu ya mbwa hadi akaanguka. Tena kuna hoja iliyo juu ya sumu hizi zote: kikohozi chenye makohozi ni kazi ya mwili kujisafisha, na kukinyamazisha kabla ya kukijua ni kuzima taarifa na kuuacha ugonjwa.

Watetezi wa mazoea wana hoja nyingine, nayo husemwa kwa fahari kidogo: kwamba mbwa wa kienyeji, aliyezaliwa kwenye baridi na kulelewa kwa makombo, hapatwi na magonjwa ya mbwa wa kizungu. Hoja hii ilijibiwa mbali kidogo kusini mwa Chepseon. Mwaka 1994 distempa iliingia katika mbuga za Serengeti na Maasai Mara, na takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, karibu 1,000, waliangamia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996 ulielekeza kidole kwa mbwa wa vijijini wanaoizunguka hifadhi, yaani mbwa wa kienyeji hasa, wasio na chanjo. Utafiti wa mwaka 2008 uliongeza jambo la maana: ukame uliowadhoofisha nyati ulikuwa umewajaza simba vimelea vya damu vinavyoletwa na kupe, na ni mchanganyiko huo, si kirusi peke yake, uliofanya maafa yawe makubwa kiasi hicho. Mbwa wa Chepseon mwenye kupe mwili mzima yumo katika hali iyo hiyo ya kushambuliwa kutoka pande mbili. Kinachoitwa ugumu wa mbwa wa kienyeji ni hesabu ya walionusurika tu. Watoto wa mbwa waliokufa wakiwa na makamasi, matongo, kuhara na hatimaye kutetemeka taya hawahesabiwi, kwa kuwa walizikwa kabla ya kupewa jina.

Wafugaji wa Afrika Mashariki, zaidi ya wengi duniani, wana sababu ya kulielewa hili. Kirusi cha distempa ni ndugu wa karibu wa kirusi cha sotoka, ugonjwa uliowahi kumaliza ng'ombe katika nchi nzima-nzima, na ambao chanjo yake bora ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake pale Muguga, karibu na Nairobi. Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Haikutokomezwa kwa sindano za kutibu. Hapakuwa na dawa ya kuitibu, kama ambavyo hakuna dawa ya kuua kirusi cha distempa. Chanjo ya distempa ipo, huanza kutolewa mtoto wa mbwa akiwa na wiki sita hadi nane na kurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka afike wiki ya 16, kwa sababu kinga aliyoipata kwenye maziwa ya mama inaweza kuizima chanjo ya mapema. Mwenye mbwa anayesema mbwa wake alichanjwa ilhali alichanjwa mara moja tu akiwa mchanga anasema nusu ya jambo.

Kuna vikohozi vingine, na kimoja chastahili nafasi kwa kuwa kinaoana na nchi ya ng'ombe. Mnyoo uitwao Spirocerca lupi, ambao watafiti walichapisha habari zake kuhusu mbwa wa Kenya tangu mwaka 1977, hupitia kwa mbawakawa wanaokula na kuviringisha mavi. Mbawakawa humeza mayai yaliyo kwenye kinyesi cha mbwa mgonjwa; mbwa mwingine humla mbawakawa, au hula matumbo ya kuku au mjusi aliyekwisha kumla mbawakawa; kiluwiluwi cha mnyoo kisha hutoboa tumbo, hupanda kupitia ukuta wa mshipa mkuu wa damu, na hatimaye hukaa kwenye ukuta wa umio na kujenga uvimbe. Mbwa huyo hukohoa, hurudisha chakula, hukonda, na wakati mwingine hufa ghafla mshipa unapopasuka, au uvimbe hugeuka kuwa saratani. Hapa dhana ya mfupa inaukaribia ukweli kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa kweli kuna kitu kwenye njia ya chakula, ila kimo ndani kabisa ya kifua, pasipofikiwa na mkono wala kidole cha mtu. Matumbo ya kuku yanayotupwa uani siku ya sherehe ndiyo yanayopaswa kutazamwa upya, yafukiwe au yachemshwe. Minyoo ya kawaida ya watoto wa mbwa nayo hupitia mapafuni katika safari yake ya kukua na kuwafanya wakohoe wakiwa wachanga, jambo ambalo dawa ya minyoo iliyoanzwa wiki ya pili ya umri hulipunguza kwa gharama ndogo. Kamba ya katani au waya unaobana shingo ya mbwa anayefungwa mchana kutwa hutosha kuleta kikohozi kila anapovuta; kwa huyo tiba ni mkanda mpana, na pengine kumfungua.

Mwenye mbwa aliyesoma mno kwenye simu naye ana kosa lake, tofauti na la jirani yake lakini la jamii moja. Maandishi ya Marekani humwambia kwamba kikohozi cha mbwa ni dalili kuu ya minyoo ya moyo, inayoenezwa na mbu, naye hukimbilia aivamektini ya ng'ombe na kuikadiria kwa jicho. Viluwiluwi vya mnyoo huo huhitaji joto la kutosha ili vikomae ndani ya mbu, na ubaridi wa nchi ya chai huvichelewesha mno. Mbwa aliyeletwa kutoka Pwani au kando ya Ziwa Victoria anaweza kushukiwa, lakini aliyezaliwa Chepseon ana mambo mengi ya kushukiwa kabla ya hilo. Aivamektini yenyewe, ikizidi, hupenya hadi ubongoni, hasa kwa mbwa wenye damu ya koli, na huwafanya wapepesuke na kupoteza fahamu.

Linabaki pingamizi lenye uzito, nalo ni la fedha. Ng'ombe hulipa karo, mbwa halipi. Daktari wa mifugo ni wa kuitwa kutoka mbali, na nauli yake ya bodaboda humhusu mwenye boma. Ni kweli. Lakini pingamizi hili huangukia upande usiotarajiwa, kwa maana tiba ya mazoea haiokoi fedha, huzitumia: sindano ya leo, chupa ya kesho, sindano nyingine ya wiki ijayo. Kinachopendekezwa badala yake kwa sehemu kubwa hakina bei. Mbwa atengwe na wenzake, aondolewe kwenye moshi, afunguliwe kamba, apewe maji safi na chakula laini, kisha atazamwe. Mbwa aliyelala usingizi mzito huhesabiwa kupanda kwa mbavu kwa nusu dakika na idadi ikazidishwa mara mbili: ikivuka 30 kwa dakika, siku baada ya siku, mapafu au moyo una tatizo. Ufizi wa waridi ni salama. Ufizi mweupe au wa samawati si wa kungojwa. Kukataa chakula, makamasi mazito, damu, homa, kukohoa kupita wiki mbili, au kikohozi cha mtoto wa mbwa asiyechanjwa, yote haya ni ya kumwita daktari. Wiki hizo mbili si ngeni kwa yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la zahanati, kwani ndizo ambazo wahudumu wa afya wamezitaja kwa miaka mingi wanapohimiza watu wapimwe kifua kikuu.

Tena mtaalamu huyo hayuko mbali kama inavyosemwa. Anayekuja kumpandisha ng'ombe kwa mrija tayari yumo ndani ya boma, na akiwa amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya chini ya sheria ya mwaka 2011, kumtazama mbwa kwa dakika chache na kusema kama anahitaji daktari si kazi iliyo nje ya elimu yake. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 liliziweka kwenye mikono ya kaunti udhibiti wa magonjwa ya wanyama na hata utoaji wa leseni za mbwa, kwa hiyo kampeni ya chanjo inaweza kudaiwa kwa mwakilishi wa wadi kama inavyodaiwa barabara ya kupitishia majani chai.

Na mbwa akifa akiwa na mate, taya lililolegea na sauti iliyobadilika, au akiuawa kwa hofu, kuna desturi moja inayopaswa kuachwa mara moja: kumpiga rungu la kichwa. Kichaa cha mbwa huthibitishwa kwa kupima ubongo, na ubongo uliopondwa humnyima daktari jibu. Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, inataka mbwa anayeshukiwa atolewe taarifa kwa mamlaka, na mjini Kericho ipo maabara ya serikali ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo. Mzoga usiguswe kwa mikono mitupu, usiachiwe mbwa wengine, na mtaalamu wa mifugo aitwe kuchukua sampuli, huku kila aliyewahi kuingiza mkono katika kinywa hicho akiwa njiani kwenda hospitali bila kungoja majibu.